Safu ya Maelezo

Saa tatu kamili asubuhi, si saa tatu na dakika tano:
ndivyo alivyoniapisha Bwana Kirumbuyo
siku aliponikabidhi ufunguo wa geti
la kituo cha mvua, nyuma ya zahanati, kule Umbwe.
"Mvua haiwezi kukusubiri," alisema.
"Ukichelewa inapaa, unabaki kuandika uongo."

Nikamimina maji kwenye bomba la kioo,
nikachuchumaa hadi jicho likawa sawa na uso wake,
nikaandika: nne nukta mbili.
Safu ya mwisho, Maelezo, nikaiacha tupu.
Nilikuwa binti wa chuo, viatu vimelowa umande,
nikidhani sayansi ni kutokuwa na la kuongeza.

Kisha miaka. Shahada, na nyingine juu yake.
Nikasimama Moshi mjini, ukumbini, chini ya feni,
nikieleza habari za mvua inayorudi
mara moja tu katika miaka mia.
Mama mmoja muuza ndizi wa Mbuyuni akanyoosha mkono:
"Ile ya mwaka juzi ilikuwa ya mia ipi?
Na hii ya juzi, imekosea mlango?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Usiku ule nikafungua upya hesabu zangu zote.

Ikaja Aprili.
Mto ulipita kituoni kama mtu aijuaye njia,
ukaondoka na kipimo, na uzio, na geti.
Ufunguo umebaki, ninao mkobani mpaka leo.
Usiku mkubwa kuliko yote niliyoungoja maishani
(ndiyo, niliungoja; mganga wa homa huingoja homa)
uliniachia jedwalini kisanduku kitupu.

Basi nikapanda mlima na rula ya mwanafunzi,
nyumba kwa nyumba, nikihoji vyombo:
Sufuria hili lililala nje? Lilikuwa tupu? Nani kaligusa?
Pipa la mbege. Beseni la kufulia.
Karai la fundi lenye ukoko wa saruji.
Kila shahidi na tundu lake.
Wengine walinidhania mtu wa bima,
wengine mtu wa msaada, wakaniletea orodha ya mabati.
Nikasema, mimi ni mtu wa mvua tu.
"Basi umechelewa," akasema mtoto mmoja.

Kwa Ndeanasia Mmasi
migomba ililala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.
Mibuni haipo. Masale ya mpakani yalisimama wima,
yakilinda kihamba kilichokwisha kuhama.
Na uani, ndoo ya bluu, kuta zimenyooka,
mdomo sawasawa na kitako: ndoo niliyoiota.
"Ilikuwa tupu," alisema. "Aliitega saa mbili usiku,
maji ya ndama. Akasema mvua ya leo itatosha.
Kisha akashuka kuziba mfongo, usije ukaingia zizini."

Hakuendelea. Sikuuliza.
Nikatumbukiza rula mpaka ikagusa chini.
Mkono haukutetemeka; hilo ndilo ninaloonea aibu.
Milimita mia mbili na kumi na nne.
Akaniuliza, "Imetosha?"

Namba ile imesafiri kuliko mimi.
Ina kosa lake, jumlisha au toa kumi na mbili;
wahandisi wameinua daraja kwa ajili yake,
na wanaoinukuu huandika jina langu, na mwaka.

Kesho namkabidhi Elinami ufunguo usio na geti.
Kipimo chake kinajisoma chenyewe, kinamtumia ujumbe wa simu.
Nimemfungulia daftari la zamani, ukurasa wa Aprili.
Angalia safu ya mwisho, nimemwambia,
hapa wino ulipofurika hadi pembeni:

*Ndoo ya bluu. Uani kwa Mmasi.
Ilitegwa na Aminieli, saa mbili usiku,
kwa ajili ya ndama.
Ndama yupo.*